Fleti tatu, jengo moja: ukarabati upi unastahili pesa yako?

Tuseme umeonyeshwa fleti tatu ndani ya jengo moja la mjini, zote za vyumba viwili, zote mita za mraba 70. Ya kwanza imemaliza kukarabatiwa mwezi uliopita. Aliyeikarabati aliinunua ili aiuze tena, na hajawahi kulala humo hata usiku mmoja. Rangi bado inanukia, sakafu inang'aa, taa zimezamishwa darini. Ya pili ilikarabatiwa na mwenyewe miaka saba iliyopita, akahamia na familia yake, na kwenye fremu ya mlango wa chumba bado kuna alama za penseli za urefu wa watoto. Ya tatu haijaguswa kwa miaka 30: milango ya kabati imelegea, vigae vya bafuni vimepauka, sebule nzima ina soketi mbili.

Nitaziita Mpya, ya Mkazi na ya Zamani. Watu wengi huingia Mpya na kutoka wakiwa wameshaamua. Mimi nilifanya hivyohivyo. Miezi minne baada ya kuhamia, jirani wa chini alipanda kuniambia kwamba dari ya bafu lake inadondosha maji. Fundi alibandua vigae viwili karibu na tundu la kutolea maji, akanionyesha kilichokuwa chini: saruji tupu. Hakukuwa na kizuia maji cha aina yoyote. Vigae vyenyewe vilikuwa vizuri na vimepangwa kwa ustadi. Kilichokosekana ni tabaka lenye unene wa milimita mbili hivi, ambalo mnunuzi halioni kamwe. Nilivunja bafu zima, nikalipia na dari ya jirani. Ndiyo maana siku hizi, mtu akiniambia fleti "imekarabatiwa yote", swali langu la kwanza ni moja: ilikarabatiwa kwa ajili ya nani?

Swali hilo si la kumtuhumu mtu. Anayekarabati ili auze hulipwa kwa kile mnunuzi anachokiona ndani ya dakika 20 za kutembezwa. Anayekarabati ili akae, bomba likipasuka ukutani ni yeye atakayefagia maji usiku wa manane. Wapo wauzaji wanaofanya kazi ya kweli, na nitaeleza unavyoweza kuwatambua, lakini uzito wa faida unawavuta upande mmoja, na wewe lazima uvute upande wa pili.

Bafuni ndiko kwenye ukweli

Ukiwa na saa moja tu ya kukagua, tumia nusu yake bafuni. Hakuna chumba kingine ambacho gharama ya kosa ni kubwa kiasi hiki, wala ambacho kosa hujificha vizuri kiasi hiki.

Wengi huamini kwamba vigae ndivyo vinavyozuia maji. Sivyo. Saruji nyembamba inayojaza mianya kati ya kigae na kigae hupitisha unyevu kidogo kidogo, na mwili wa bafu huokolewa na kizuia maji kinachopakwa chini ya vigae, sakafuni kote, kikapanda ukutani, na sehemu ya shawa kikafika juu ya kichwa cha mtu. Fundi anayejua kazi, kabla ya kubandika kigae cha kwanza, huziba tundu, hujaza maji ya kina cha sentimita chache, na kuyaacha saa 24. Maji yakipungua au dari ya chini ikilowa, anarudia.

Kwa hiyo kwenye Mpya, muulize muuzaji: "Mlijaza maji kabla ya vigae? Una picha za bafu kabla halijafunikwa?" Aliyelipia kazi hiyo atakuwa na picha kwenye simu, maana fundi wake alimtumia akidai malipo. Asiyekuwa nayo ataanza kukusifia vigae.

Kwenye ya Mkazi huenda picha zilishapotea, lakini kuna shahidi bora zaidi: jirani wa chini. Piga hodi kwa heshima, jitambulishe kwamba unafikiria kununua juu yake, uulize kama dari yake imewahi kulowa. Watu husema ukweli kuhusu dari zao. Miaka saba ya familia nzima kuoga kila siku ni jaribio ambalo hakuna fundi anayeweza kulifanya kwa saa 24. Ya Zamani haina haja ya mjadala, kwa kuwa bafu lake utalivunja hata hivyo; lihesabu kama halipo.

Kisha toa sarafu mfukoni. Gonga vigae kimoja kimoja kwa ukingo wake, polepole, ukianzia pembeni. Kigae kilichoshikwa vizuri hutoa sauti fupi na nzito. Kilichobandikwa kwa madonge matano ya gundi, moja kila pembe na moja katikati, hutoa sauti ya debe tupu, na ndani ya utupu huo maji hukaa na uzito wa mguu huvunja. Kigae kimoja au viwili vyenye utupu karibu na ukuta si kilio. Utupu sakafuni pa shawa, au mstari mzima wa utupu, ni bafu la kurudiwa.

Mwaga kikombe cha maji mbali na tundu, utazame yanakokwenda. Sakafu ya shawa inapaswa kuteremka kama sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Maji yakisimama, au yakielekea mlangoni, kazi ilifanywa bila pima maji. Angalia pia pembe ambapo ukuta hukutana na sakafu: hapo panatakiwa silikoni inayonepa, kwa sababu ukuta na sakafu havitembei pamoja. Ukikuta saruji ngumu imejazwa pembeni, na tayari ina ufa mwembamba kama unywele, hapo ndipo maji yatakapopita. Mwisho chungulia nyuma ya choo na kuzunguka mabomba. Katikati ya ukuta kila fundi huonekana mzuri. Alipolazimika kukata kigae kwa duara ndipo utamjua.

Maji na umeme: koki mpya, mishipa ya kale

Hapa Mpya na ya Zamani zinaweza kuwa kitu kimoja bila wewe kujua. Koki mpya inayong'aa huweza kufungwa kwenye bomba la chuma la miaka 40 kwa nusu saa. Mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huota kutu kwa ndani, na tundu lake hujaa mpaka maji yanapita kwa kubanwa. Kwenye ya Zamani jambo hili halifichwi: unaliona, unaliweka kwenye hesabu. Kwenye Mpya limefunikwa kwa vigae ulivyokwisha kulipia.

Jaribio ni rahisi. Fungua shawa, fungua koki ya jikoni, vuta maji ya choo, vyote kwa pamoja. Shawa ikigeuka kuwa uzi, kuna mahali njia imebanwa. Ndoo ya lita 10 ikijaa chini ya dakika moja kwenye koki moja, mko salama. Ikichukua dakika mbili au zaidi, muulize jirani wa ghorofa hiyohiyo kama na kwake ni hivyo. Kwake yakitoka kwa nguvu, tatizo ni la mabomba ya fleti unayotaka kununua. Ukiweza, nenda asubuhi kabla maji hayajatumika, utazame rangi ya yale ya kwanza. Yakitoka ya kahawia kisha yakasafika, huo ni mtiririko wa kutu.

Fungua kabati la chini ya sinki upige tochi. Hapo ndipo bomba la ukutani hujitokeza, na utaona kama ni la plastiki au shaba hadi ndani, au ni kipande cha plastiki cha sentimita 20 kilichoungwa kwenye chuma. Tafuta pia vali ya kufungia maji ya fleti nzima. Iwe inafikika na inageuka kwa mkono. Nimewahi kuiona imezikwa nyuma ya vigae, na hilo lilinitosha kufunga daftari.

Upande wa umeme, ukaguzi wa ndani mwachie fundi umeme, lakini mambo machache unayaweza mwenyewe. Angalia sanduku la breka. Fleti iliyopitishwa nyaya upya huwa na sakiti zilizotenganishwa: jiko peke yake, hita ya maji peke yake, soketi kwao, taa kwao. Ukikuta kuta mpya, dari mpya, taa za kuzamishwa 24, na sandukuni kuna breka mbili tu, basi pesa ilienda kwenye taa. Lazima pawe na kifaa kinachokata umeme unapovuja, kile chenye kitufe cha jaribio. Kwa kulinda watu huwa ni cha miliampia 30. Omba ruhusa, bonyeza kitufe. Umeme usipokatika papo hapo, kifaa hicho hakiwezi kuokoa mtoto.

Muulize fundi waya zina unene gani. Katika kazi nyingi za kawaida, taa huenda na milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na jiko au hita 4 au 6 kulingana na mzigo. Kama jengo ni la zile enzi za waya za alumini, mwambie afungue soketi moja au mbili. Alumini hulegea kwenye viungio kadiri miaka inavyopita, na kiungio kilicholegea hupata moto.

Kuta, sakafu, makabati

Hapa sitakawia, kwa sababu makosa ya hapa yanaonekana na yanarekebishika. Zima taa, egemeza tochi ukutani ili mwanga upite sambamba nao: kila wimbi la lipu na kila kiraka kitajitokeza. Mawimbi ni ya kukera macho tu. Kiraka kipya kimoja kwenye ukuta wa nje, hasa chini ya dirisha au pembeni juu, ndicho cha kuulizia. Rangi mpya huficha unyevu kwa miezi michache tu, kisha unga mweupe wa chumvi hurudi kuchomoza palepale. Kama chumba kimoja tu kimepigwa rangi upya, au ukuta wa nje umefunikwa kwa ubao wa jipsamu bila sababu inayoeleweka, leta mtu mwenye kipima unyevu.

Jambo moja tu hapa ni zito kuliko yote: ukuta ulioondolewa. Jiko lililofunguliwa kuungana na sebule hupendeza na hupandisha bei, lakini kama ukuta ule ulikuwa unabeba mzigo, huo si urembo tena. Dai karatasi ya mhandisi na kibali cha jengo. Visipokuwepo, tembea ghorofa ya juu yake uone kama pembe za milango zina nyufa za mshazari. Fleti ya namna hii mimi singeinunua kwa punguzo lolote.

Sakafu ya lamineti ipite kwa miguu mitupu. Ikibonyea na kulia karibu na ukuta, chini hapakusawazishwa. Makabati ya jikoni yakague kwa kutoa droo nje kabisa na kutazama kingo: ubao wa vumbi la mbao uliobandikwa ukingo vibaya hunywa maji na kuvimba, na sehemu ya kwanza kuvimba ni chini ya sinki. Kwenye ya Mkazi jibu hili tayari lipo. Baada ya miaka saba, ubao mbovu ungekuwa umeshafura.

Hesabu, kwa namba za mfano

Watu wa kale walisema nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Basi hesabu nayo iwe na nafasi ya ila hizo.

Tuchukulie ya Zamani inauzwa 100, ya Mkazi 118, Mpya 130. Chukua ya Zamani, weka ukarabati kamili wa 20. Ongeza asilimia 20 ya ukarabati huo kwa yasiyotarajiwa, ambayo ni 4. Wanaosema asilimia 5 inatosha hawajawahi kufungua ukuta. Ongeza kodi utakayolipa kwingine miezi kadhaa wakati mafundi wako ndani, na riba kama umekopa, tuseme 3. Jumla 127, na kila kilicho ndani unakijua kwa kuwa ulikiona kikifunikwa.

Mpya ni 130. Tofauti ya 3 ni ndogo, na kama kazi ya ndani ni ya kweli, kulipa 3 ili usikae na vumbi miezi mitano ni biashara nzuri. Muuzaji naye anastahili faida yake, maana alibeba usumbufu huo. Lakini bafu likilazimika kurudiwa kwa 7, umenunua kwa 137, na bado mabomba hujui. Ndiyo sababu picha, risiti na majina ya mafundi si mapambo ya mazungumzo. Vinabeba thamani inayoweza kuhesabiwa: Mpya yenye ushahidi ilipiwe kama Mpya, na isiyo na ushahidi ilipiwe bei ya Zamani pamoja na nyongeza ndogo ya vile vinavyohamishika, yaani jiko, kabati na taa.

Ya Mkazi ni 118. Ongeza 4 za rangi na hita, kwa sababu hita ya tangi kwa kawaida huishi kama miaka 8 hadi 12, na hii ina saba. Jumla 122. Makabati ya jikoni hudumu miaka 15 hadi 20 yakitunzwa, kwa hiyo umebakiwa na nusu au zaidi. Unalipia kitu kilichotumika, lakini kilichojaribiwa. Wanunuzi wengi huikimbia kwa sababu rangi ya vigae ni ya mtindo uliopita, na hapo ndipo punguzo lako lilipo.

Tahadhari moja kuhusu ya Zamani, kwa kuwa naipenda na sitaki ikudhuru. Majengo ya zamani huweza kuwa na asbesto kwenye dari, vigae vya plastiki vya sakafuni au vifuniko vya mabomba, na rangi yenye madini ya risasi. Asbesto ilipigwa marufuku Uingereza mwaka 1999 na Umoja wa Ulaya wote mwaka 2005. Rangi yenye risasi ilizuiwa kwenye nyumba za Marekani mwaka 1978. Maana yake ni kwamba hata nchi zenye sheria kali zina nyumba nyingi zilizojengwa kabla ya tarehe hizo. Usikwangue wala kuvunja kabla ya kupima, na gharama ya kuondoa kwa usalama iingie kwenye zile 20. Pia kumbuka mkopo wa nyumba mara nyingi hulipia nyumba tu. Pesa ya ukarabati iwe mkononi siku unaponunua, la sivyo utakaa miaka miwili ukiogea bafu lile lile.

Na hakuna kati ya hizi tatu inayoshinda jengo lenyewe. Paa likivuja, bomba kuu linalopita ghorofa zote likiwa limeoza, lifti ikiwa imesimama, ukarabati wa ndani hautakuokoa, na siku ya kuuza hautapata bei inayopita sana ile ya majirani zako hata ungeweka marumaru mpaka darini. Uliza chama cha wakazi kina akiba kiasi gani, na mchango mkubwa uliopangwa ni upi.

Ningechagua ipi

Kwa mtu mwenye kazi ya kutwa, watoto, na akiba isiyotosha kukosea, ya Mkazi. Sisiti. Kwa mwenye pesa taslimu ya ukarabati, muda wa kufika kila siku, na fundi anayemwamini, ya Zamani, kwa sababu ndiyo pekee ambayo hakuna kilichofichwa kwa makusudi. Mpya ningeinunua kwa sharti moja: muuzaji akubali nije na fundi bomba na fundi umeme kwa saa mbili, mlango ukiwa wazi na maji yakiwa wazi. Nimeshaona wauzaji wawili waliokubali bila kununa. Mmoja wao alituletea mwenyewe chupa za maji ya kunywa na kukaa jikoni akijibu maswali, kisha akatutumia picha za kila ukuta. Fleti yake ilinunuliwa na rafiki yangu kwa bei kamili, na sikuwa na neno.

Mimi baada ya lile bafu niliuza, nikamweleza mnunuzi kilichotokea na kilichorekebishwa, nikanunua ya Zamani. Kila jioni kabla mafundi hawajafunika ukuta, nililaza tepu ya kupimia kando ya mabomba na nyaya nikapiga picha, ili umbali kutoka pembe ya chumba usomeke. Zipo 64, zimepangwa chumba kwa chumba, pamoja na ile ya bafu likiwa limejaa maji asubuhi ya pili, mstari wa penseli wa jana ukiwa bado umelingana na uso wa maji. Atakayenunua kwangu atapewa zote kabla hajaziulizia.